Chombo cha Maua Chenye Ngozi ya Moto



Juma hili ukurasa wetu unajibu maswali ya mama mmoja, mke wa askari polisi, akaaye kambini mjini Tororo. Mumewe aliwahi kupangwa katika ulinzi wa mahali pa ujenzi wa daraja jipya la Mto Nile kule Jinja, daraja lenye urefu wa mita 525, ambalo lilijengwa kwa mkopo kutoka Japani na kufunguliwa rasmi tarehe 17 Oktoba 2018. Siku ya kuagana, fundi mmoja wa Kijapani alimkabidhi zawadi iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na chombo cha kutilia maua, kilichofinyangwa kwa mkono.

Tangu siku hiyo chombo hicho kimekuwa chanzo cha maneno nyumbani. Shingo yake imeinama kidogo. Upande mmoja una rangi ya majivu, wenye vipele kama ngozi ya kenge. Upande wa pili una michirizi ya kijani iliyoteremka mithili ya machozi, ikakauka kabla ya kufika chini. Majirani wamekicheka, wakasema kimeungulia jikoni. Baba mwenye nyumba naye, akiisha kuyasikia hayo mara nyingi, ameingiwa na dhana kwamba yule mgeni alimdharau kwa kumpa kitu kilichokataliwa dukani. Sasa amenunua kopo la rangi ya mafuta, naye anakusudia kukipaka chombo hicho rangi nyekundu kabla ya wageni wa arusi ya binti yao kufika.

Mama huyu anauliza mambo matatu. Je, chombo hiki ni kibovu? Je, yafaa kukipaka rangi? Na je, siku ya arusi aweza kukitilia maji ya matunda, kwa kuwa kina tumbo kubwa?

Nilikwenda kukitazama chombo chenyewe kabla ya kuandika. Majibu yangu ni mafupi: si kibovu, kisipakwe rangi, wala kisitiliwe kinywaji. Lakini jibu lisilo na sababu halimsaidii mtu siku nyingine, kwa hiyo na tueleze.

MOTO NDIO ULIOPAKA RANGI

Kila mmoja wetu anaujua mtungi wa maji. Mtungi ule huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, katika moto ambao aghalabu hauzidi nyuzi 900 za sentigredi. Udongo wake hushikamana, lakini hubaki na vinyweleo vidogo visivyohesabika. Maji hupenya polepole mpaka nje, upepo huyakausha, na kwa kukauka kwake maji yaliyobaki ndani hupoa. Ndiyo maana twasema mtungi hutoa jasho, na ndiyo maana maji yake ni matamu wakati wa jua kali.

Chombo cha yule mama kimepita njia nyingine. Kilichomwa ndani ya tanuri lililofunikwa, kwa moto wa nyuzi 1,200 hadi 1,300. Katika joto kama hilo udongo wenyewe huanza kuwa mgumu kama jiwe. Kadhalika, majivu ya kuni yaliyochanganyika na udongo laini na jiwe lililosagwa huyeyuka na kuwa kioo chembamba kinachoshikamana na chombo. Kioo hicho ndicho tutakachokiita hapa utando.

Utando huo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mkono: mfinyanzi hukoroga majivu, udongo na jiwe katika maji mpaka yawe mazito kama uji, kisha hukichovya chombo au hukimiminia. Njia ya pili ni ya moto peke yake. Katika matanuri ya kale ya Kijapani, ambayo namna ya kuyajenga ilifika huko kutoka Korea katika karne ya 5, kuni huchochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Majivu hupeperuka na moto, hutua juu ya mabega ya vyombo, na hapo huyeyuka. Upande ulioelekea moto hupata majivu mengi, nayo hutiririka yakiwa kioo cha kijani. Upande uliojificha hupata machache, nayo hubaki makavu, yenye kukwaruza mkono. Mfinyanzi huweza kuchagua mahali pa kukiweka chombo, aina ya kuni na muda wa kuchochea; bali neno la mwisho ni la moto.

Basi yale machozi ya kijani ni alama ya mahali ambapo majivu yaliyeyuka kabisa, na vile vipele vya kijivu ni alama ya mahali ambapo hayakuyeyuka yote. Anayejua kuzisoma alama hizo aweza kukuambia chombo kilisimama upande gani wa tanuri na moto ulitoka wapi. Kukipaka rangi nyekundu ni sawa na kuupaka wino waraka ulioandikwa. Tena rangi ya mafuta haishiki vema juu ya kioo. Baada ya kuoshwa mara chache huanza kubanduka, na hapo chombo kitakuwa kibaya kwelikweli.

ASKARI NA WAFINYANZI

Huenda baba mwenye nyumba akauliza: ni watu gani hao waliojifundisha kuupenda ukwaru? Jibu lake litawavutia wasomaji wetu walio jeshini, kwani jambo hili limeambatana sana na historia ya vita.

Katika karne ya 16 Japani ilikuwa nchi ya majemadari waliopigana wao kwa wao kwa muda mrefu. Majemadari hao walikuwa na desturi ya kukutana katika chumba kidogo, panga zikiachwa nje, wakanywa chai kwa utaratibu na heshima. Pembeni mwa chumba kiliwekwa chombo kimoja chenye ua moja au mawili tu. Walimu wa desturi hiyo walifundisha kwamba chombo cha udongo chenye ukwaru chafaa kuliko kile chenye kumetameta, kwa sababu chombo kinachong'aa sana hushindana na ua. Walizipenda hasa bakuli za kawaida za watu wa Korea, zilizokuwa na utando uliojikunja vipele-vipele karibu na kitako. Mtindo huo wanauita kairagi, nalo ni jina la ngozi ya samaki wa jamii ya taa, ambayo mafundi wao wa silaha waliitumia katika kuvika mipini ya panga. Mpini mkwaru hauponyoki mkononi. Askari yeyote aelewa maana ya jambo hilo.

Kati ya mwaka 1592 na 1598 mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alipeleka majeshi yake Korea mara mbili. Hayakuweza kuitwaa nchi ile. Lakini makamanda waliporudi walichukua wafinyanzi wa Kikorea pamoja na jamaa zao, wakawaweka katika maeneo yao, hasa katika kisiwa cha Kyushu. Kazi za mikono ya watu hao ndizo zilizoipatia sifa miji kama Arita na Hagi, na hata vita vile vikaja kuitwa vita vya ufinyanzi. Wengi wa wafinyanzi hao hawakuiona tena nchi yao. Hilo ni dhuluma, wala hatulisifu. Twalitaja ili ijulikane kwamba ujuzi wa kufinyanga udongo ulihesabiwa kuwa mali ya thamani kiasi cha kutekwa vitani.

Kwa hiyo baba na aondoe shaka. Fundi wa Kijapani ampaye mwenziwe chombo cha namna hii hampi takataka. Amempa kitu ambacho nchini mwake huwekwa mahali pa heshima.

KUTOFAUTISHA UZURI NA UBOVU

Hata hivyo hatusemi kwamba kila kitu kikwaru ni kizuri. Wako wauzaji wanaoweza kukuuzia chombo kilichoharibika na kukuambia ni mtindo wa kigeni. Yafuatayo ni majaribio ambayo kila mtu aweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza, pitisha ukucha juu ya ukwaru. Ukwaru mwema ni imara, haubanduki. Ikiwa vinatoka vigae vidogo vyenye ncha kali, utando haukushika, na chombo hicho chaweza kumkata mtoto.

Pili, kigonge polepole kwa kifundo cha kidole. Chombo kizima kilichochomwa kwa moto mkali hulia kwa sauti safi yenye kuendelea kidogo. Chenye ufa hutoa sauti butu, kama ubao uliooza.

Tatu, itazame mistari myembamba kama utando wa buibui, ikiwapo. Mara nyingi mistari hiyo ni ya utando peke yake: chombo kilipokuwa kikipoa, kioo kilinywea kuliko udongo uliokuwa chini yake, kikapasuka-pasuka bila ya chombo kudhurika. Lakini mstari ulio ndani na nje kwa mahali pamoja ni ufa wa kweli.

Nne, kigeuze ukitazame kitako. Mahali hapo aghalabu hapana utando, nawe utauona udongo wenyewe. Chombo kilichofinyangwa kwa gurudumu na kukatwa kwa uzi huwa na alama za duara kama za kidole gumba, na ndani yake utapapasa mawimbi ya vidole. Kilichotolewa katika kalibu kiwandani mara nyingi huwa na mshono ulionyooka ubavuni.

Tano, kisimamishe juu ya meza iliyo sawa. Shingo iliyoinama haidhuru. Kitako kinachoyumba chadhuru, kwa kuwa maji yatamwagika.

Chombo cha Tororo kilishinda majaribio yote matano, mbele ya mama na mbele ya majirani wawili waliokuja kutazama.

MATUMIZI NA UTUNZAJI

Ama kuhusu kinywaji, jibu letu ni hapana, wala si kwa chombo hiki tu. Baadhi ya vyombo vya mapambo duniani hupakwa utando wenye madini ya risasi, na maji makali kama ya ndimu, ya machungwa au siki huyatoa madini hayo polepole na kuyaingiza katika kinywaji. Madini ya risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Utando wa majivu kwa kawaida hauna madini hayo, lakini mtu hawezi kuijua sumu kwa kutazama kwa macho. Licha ya hayo, ukwaru huhifadhi uchafu usiotoka kwa kuoshwa. Kilichofinyangwa kwa ajili ya maua kibaki na maua. Maji ya matunda yapewe jagi lake.

Kabla ya kukiweka mezani, jaribu kama kinavuja. Kijaze maji, ukiweke juu ya gazeti kuukuu, nalo hili waweza kulitumia ukiisha kulisoma, ukiache usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa kavu, hakuna neno. Likiwa limelowa, usikitupe. Weka ndani yake chupa au kopo dogo lenye maji, na maua yasimame humo. Watu hawataliona, na meza yako haitaharibika. Vyombo vya chakula vyenye vinyweleo Wajapani huvichemsha kwanza kwa maji yaliyooshea mchele, ili wanga uzibe vinyweleo hivyo. Wazo hilo si geni kwetu, kwani wako akina mama wengi ambao chungu kipya hukipikia uji kwanza kabla ya kukitia mboga.

Wakati wa kukiosha, tumia maji ya vuguvugu na brashi laini. Usitumie mchanga wala waya wa kusugulia sufuria. Usikitoe kwenye baridi na kukimiminia maji ya moto kwa ghafula.

Maji ya maua yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na majani yaliyozama ndani ya maji yaondolewe. Hapa pana jambo la afya pia. Mbu huhitaji takriban juma moja au zaidi kidogo ili kutoka yai hadi kuruka. Chombo cha maua kilichosahauliwa dirishani ni kambi ya mbu ndani ya kambi ya askari.

Kuhusu maua yenyewe, usikijaze kama gunia. Tawi moja la bogenvilia likikatwa kwa mshazari, au mashuke mawili ya mtama pamoja na jani refu la nyasi, yatosha kabisa. Wala huhitaji kununua. Mengi ya hayo yanamea kando ya uzio wa kambi.

Na kwa kuwa familia za askari huhamishwa mara kwa mara, haya ndiyo ya kufanya siku ya safari. Shindilia nguo laini ndani ya chombo mpaka shingoni. Kiviringishe ndani ya blanketi, kisha kiweke katika ndoo, na nafasi zilizobaki zijaze maganda makavu ya mahindi. Ndoo hiyo ikae katikati ya mizigo, isiwe juu wala pembeni mwa gari. Udongo uliochomwa hustahimili uzito uliotulia kuliko kishindo.

NJIA YA UDONGO KUTOKA JAPANI HADI KWETU

Baada ya kuyasema hayo, msomaji aweza kuuliza kama mambo ya Wajapani yatuhusu sisi wa mpakani. Yatuhusu, tena kwa njia ambayo wengi hawaifahamu.

Mwaka 1920 mfinyanzi wa Kijapani, Hamada Shoji, alisafiri pamoja na Mwingereza Bernard Leach hadi mji wa St Ives nchini Uingereza, wakaanzisha huko karakana yenye tanuri la namna ya Kijapani. Mwaka 1923 alijiunga nao kijana aliyeitwa Michael Cardew. Cardew huyo ndiye aliyekuja Afrika Magharibi, akafanya kazi Ghana, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akafungua kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja nchini Nigeria, mji ambao leo huitwa Suleja.

Mwaka 1954 kituo hicho kilimpokea mama mmoja mfinyanzi, Ladi Kwali, aliyejifunza kazi kwao tangu utotoni. Mitungi yake aliijenga kwa mkono kama alivyozoea, akaichora mijusi na samaki, kisha ikapakwa utando na kuchomwa kwa moto mkali. Mwalimu alileta tanuri; mama yule alileta mkono na maumbo ya kwao. Leo picha yake imo katika noti ya Nigeria ya naira 20. Ni wafinyanzi wangapi duniani waliopewa heshima hiyo?

Katikati ya miaka ya 1970 alifika Abuja mwanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki: Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza kusoma mwaka 1971. Hapo alijifunza kwa Ladi Kwali na wenziwe. Odundo alikuwa na nafasi ya kuchagua gurudumu na utando wa kioo, naye akachagua kujenga kwa mkono na kusugua udongo mpaka ung'ae wenyewe, bila ya utando. Chombo chake kikichomwa penye hewa ya kutosha huwa chekundu. Kikichomwa tena penye moshi na hewa kidogo huwa cheusi. Vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa, miongoni mwayo ile ya British Museum mjini London, na mwaka 2020 alipewa na serikali ya Uingereza cheo cha heshima cha Dame.

Katika makumbusho hiyo hiyo kimo pia kichwa cha udongo kilichopatikana Luzira mwaka 1929, katika uchimbaji uliofanywa na wafungwa penye gereza. Hicho nacho hakina utando wowote. Wataalamu wa London hukitunza kwa uangalifu mkubwa, nacho kilitoka katika udongo wa Uganda, chini ya majembe ya wafungwa.

TUJITAZAME SISI WENYEWE

Sasa twende sokoni Busia. Mama mfinyanzi amekaa na vyungu vyake. Mnunuzi anakiinua kimoja, anaona doa jeusi ubavuni, anasema kimeungua, anataka apunguziwe nusu ya bei. Doa hilo ni mahali ambapo ukuni uliegemea chungu na hewa ikapungua. Halikipunguzii chungu nguvu hata kidogo. Ni moto ule ule ulioacha alama katika chombo cha Kijapani, nayo ni elimu ile ile ambayo Odundo anaitumia kwa makusudi ili kupata weusi wake. Mnunuzi aliyetaka kuujua uzima wa chungu angekigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Fikiria kazi iliyotangulia. Udongo umechimbwa bondeni na kubebwa kichwani. Umetwangwa, umetolewa mawe, umechanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Chungu kimejengwa pindi juu ya pindi, kimekaushwa kivulini kwa siku nyingi, na wakati wa mvua ni nyingi zaidi. Shingoni pamebiringishwa kamba iliyosokotwa ili paachwe alama. Watu wengi hudhani alama hizo ni urembo mtupu. Ni urembo, lakini pia ni mahali pa kushika, ili mtungi uliolowa usiponyoke mikononi mwa mwenye kuutwika. Hiyo ni akili ile ile ya mpini wa upanga tuliyoitaja hapo juu. Kisha hufika siku ya kuchoma, na vichache hupasuka motoni, na mvua ikinyesha ghafula huweza kupasuka vingi. Gharama ya vilivyopasuka huwa juu ya vile vilivyosalimika. Anayelazimisha nusu ya bei kwa sababu ya doa amemfanya mama yule alipe kwa mfuko wake ili sisi tunywe maji baridi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zina kazi zake, wala hatuzikatai. Chungu cha malwa, ambacho wazee wa Teso hukizunguka na mirija yao mirefu, hutiwa maji ya moto tena na tena na bado husimama. Lakini mwaka hadi mwaka wanunuzi hupungua, na mfinyanzi asiye na wanunuzi hamfundishi binti yake. Ujuzi wa namna hii hauandikwi katika kitabu. Umo katika vidole, na mwenye vidole akifa bila ya mwanafunzi, umekwisha. Hakuna jeshi liwezalo kuurudisha.

Nami, kama mtu aliyepitia chuo cha ualimu, nawakumbusha walimu wa shule zilizo karibu na kambi zetu kwamba udongo ni somo lisilohitaji fedha. Mwiteni mama mfinyanzi siku moja kwa mwezi, alipwe kitu, awafundishe watoto, wavulana kwa wasichana. Udongo uwahi ungali maji.

Kwa familia, shauri letu ni hili. Mwezi huu, anayeweza anunue chungu kimoja au mtungi mmoja kwa mfinyanzi mwenyewe, akigonge, akisikilize, na akiwa kizima alipe bei yake bila ya kutafuta kisingizio cha doa. Tena mwaweza kumwagiza awafinyangie chombo cha maua chenye shingo nyembamba; kitieni kopo dogo ndani, na nyumba itakuwa na pambo lililotoka katika udongo wa hapa hapa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kutunza mablanketi na magodoro wakati wa mvua za masika. Mwenye swali na alilete mapema.